Uaminifu wa Chombo Kinachokataa

Shoka jema husifiwa kwa kukata, wala hakuna aliyepata kulisifu shoka kwa kukataa. Tangu mwanadamu alipofunga jiwe kwenye mpini, amekuwa na mazoea ya kukipima chombo kwa utii wake: jembe lipenye, kisu kipasue, mtumbwi uelee. Chombo kisichotii huitwa kibovu, nacho hutupwa pembeni. Mazoea haya yalimfaa mtu wakati vyombo vyake vilipokuwa vya mikono, maana jembe halina la kusema juu ya shamba zaidi ya kulima au kutolima. Lakini siku hizi mtu anavyo vyombo vinavyofanya kazi ya akili, vinavyohesabu, kulinganisha na kukadiria. Na juu ya vyombo vya namna hii limezuka swali ambalo shoka halikupata kuliuliza. Chombo kikikataa kufanya kazi, je, ni lazima kiwe kimekosa? Na yule aliyekishika, anadaiwa nini wakati ule wa kukataliwa, na mdai wake ni nani?

Mfano ulio karibu ni programu za takwimu. Programu ya namna hii ni kama karakana: ina meza, msumeno na randa, na fundi aweza kufanya humo kazi nyingi za kawaida. Ikiwa kazi yahitaji kifaa ambacho karakana haina, huletwa kifaa cha ziada kilichotengenezwa na fundi mwingine, kikafungwa mezani. Kifaa hicho cha ziada ndicho kiitwacho programu-jalizi, na wengine hukiita kifurushi. Programu ya SPSS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1968, inavyo vifaa hivyo. Programu ya R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaishi kwa vifaa hivyo, kwa kuwa hutolewa bure na vifurushi vyake huandikwa kwa maelfu na watu wa kila bara. Kifaa kikikubali, mtumiaji hata hafahamu kwamba kipo. Kikikataa, maneno ya kosa hutokea kwenye kioo, kazi husimama, na mwenye kazi hubaki akitazama.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, kusimama huko si jambo la ofisini tu. Hii ni nchi ambayo sehemu kubwa ya riziki yake imo chini ya ardhi, na kilicho chini ya ardhi hakionekani ila kwa hesabu. Almasi za Mwadui ziligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, ukalala zaidi ya miaka 30, kisha ukafunguliwa upya kwa mitambo mikubwa mwaka 2000; mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001. Kando ya migodi hii mikubwa wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, wenye maduara yao, makarasha ya kusagia mawe, mialo ya kuoshea, na zebaki ya kukamatia chembe za dhahabu. Mkubwa na mdogo wanafanana katika jambo moja: hakuna anayeiona dhahabu ya kesho. Wote hutegemea vipande vichache vya mwamba vilivyopimwa, na kwa vipande hivyo huamua kuchimba au kuacha, kukopa au kutokopa, kuhama au kubaki.

Hata sayansi yenyewe ya kukadiria madini kwa takwimu ilizaliwa migodini. Mwaka 1951 mhandisi Danie Krige wa Afrika Kusini, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alionyesha kwamba makadirio ya vitalu vya dhahabu yalikuwa yakipotoka kwa utaratibu unaotabirika: vitalu vilivyohesabiwa kuwa tajiri sana, vilipochimbwa vilitoa pungufu, na vilivyodharauliwa vilitoa zaidi. Georges Matheron, Mfaransa, aliijenga njia hiyo ikawa nadharia kamili, akaipa jina la Krige. Leo njia iliyowahi kuwa siri ya wataalamu wachache imo ndani ya vifurushi vya bure, hata mwanafunzi mwenye kompyuta ndogo aweza kuitumia akiwa Kahama au Katoro. Hiyo ni neema kubwa. Lakini neema hii ina sharti lake: anayetumia kifaa alichokiunda mwingine ameshika kazi ambayo nusu yake haioni.

Sababu za kifaa kukataa ni nyingi, walakini jamaa zake ni chache. Ya kwanza ni kutofautiana kwa matoleo. Kiungo cha SPSS cha kuita R, kwa mfano, huundwa kwa toleo maalumu la R. Kiungo cha SPSS 25 kiliundwa kwa R 3.3, na aliyepakua R iliyo mpya zaidi akidhani kipya ni bora kuliko cha zamani hukuta mlango umefungwa. Ya pili ni kukosekana kwa kitegemeo. Kifurushi kimoja huegemea kingine, nacho chaegemea cha tatu. Kimoja kikikosekana kwa sababu mtandao ulikatika katikati ya kupakua, vyote vitatu huanguka. Ya tatu ni mahali na ruhusa: kompyuta ya ofisi isiyomruhusu mtumiaji kusakinisha kitu, au jina la folda lenye nafasi na alama ambazo kifaa hakizifahamu. Ya nne ni data yenyewe: desimali iliyoandikwa kwa mkato pale panapotarajiwa nukta, kichwa cha safu kilichorudiwa, neno lililokaa mahali pa namba.

Dawa ya haya yote huanza kwa kusoma. Ni ajabu jinsi watu wenye elimu, wasioweza kutia sahihi barua bila kuisoma, wanavyoufunga ujumbe wa kosa kabla hawajaumaliza. Fundi mwenye subira husoma kosa la kwanza kabla ya la mwisho, maana la kwanza aghalabu ndilo mama wa mengine. Huuliza toleo la programu na toleo la kifaa. Huanzisha programu upya, bila mabaki ya kazi ya jana. Hukijaribu kifaa kwa data ya mfano iliyokuja pamoja nacho: kikifanya kazi kwa mfano huo, kosa lina uwezekano mkubwa wa kuwa katika data yake, kikikataa hata mfano, kosa limo katika kifaa au katika mahali kilipowekwa. Hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa abadilishaye matano kwa pamoja ni kama mgonjwa anayemeza dawa tano kwa siku moja: akipona hajui kilichomponya, akizidiwa hajui kilichomdhuru. Mwisho huandika alichofanya. Kuandika huku hakumfai yeye peke yake; ni njia anayomkatia mwenzake atakayepotea msitu huo huo.

Mpaka hapo jambo ni la ufundi. Swali la maadili huanza kwenye ile sababu ya nne, pale data inapokuwa ndiyo mgonjwa.

Kila maabara inayopima dhahabu ina kiwango cha chini ambacho chini yake haiwezi kuona. Ikiwa kiwango hicho ni gramu 0.01 kwa tani, na mwamba una dhahabu chini ya hapo, maabara haiandiki sifuri. Huandika alama ya "chini ya" mbele ya 0.01, maana yake: kipo kidogo au hakipo kabisa, nasi hatukuweza kujua. Alama hiyo ni ungamo la kiasi na la heshima. Lakini kwa kompyuta alama si namba. Na safu yenye alama moja tu ya namna hiyo kati ya namba mia huhesabiwa kuwa safu ya maneno. Programu-jalizi ikiletewa maneno ili ikadirie dhahabu, hukataa. Basi hapo ndipo msomaji atazame vema. Kifaa hakijaharibika, maabara haikukosea, na kompyuta haina kiburi. Kilichotokea ni kwamba ukweli mmoja, yaani "hatukuweza kujua", umefika mbele ya chombo kisicho na mahali pa kuuweka.

Njia ya mkato iko wazi, nayo huchukua dakika moja: kufuta safu zote zenye alama ile, kisha kuendesha kifaa. Kitakubali mara moja. Tuseme duara lina sampuli 10, na 6 kati yake ziko chini ya kiwango cha kupimika, ilhali 4 zilizobaki zina gramu 0.5, 1.2, 2.3 na 4.0 kwa tani. Aliyezifuta zile 6 atapata wastani wa gramu 2.0 kwa tani. Aliyezihesabu, hata akizipa kiasi kikubwa kabisa kinachoruhusiwa na alama yao, atapata wastani unaozidi 0.8 kwa kiasi kidogo mno. Mwamba ni ule ule, maabara ni ile ile, kifaa ni kile kile. Lakini kwa kufutwa kwa mistari 6 duara limetajirika mara 2 na nusu. Hakuna aliyesema uongo kwa kinywa chake. Hata hivyo watu watashuka shimoni kwa ahadi ya namba hiyo, watanunua magogo ya kuegemeza kuta, watakodi pampu na karasha, na deni litabaki hapo ambapo dhahabu haikuwapo.

Njia ya pili ya mkato ni kuzigeuza alama zote kuwa sifuri. Katika dhahabu huenda madhara yake yakawa madogo, lakini ichukuliwe zebaki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kijiji cha Rwamagasa, katika Geita, kilikuwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa katika mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, na watu walipimwa kiasi cha sumu hiyo mwilini. Katika upimaji wa aina hiyo pia chombo kina kiwango ambacho chini yake hakioni. Anayeandika sifuri badala ya "chini ya kiwango" amegeuza upofu wa chombo kuwa usafi wa mwili. Wastani hushuka, kijiji huonekana salama kuliko kilivyo, na mama anayechoma zebaki katika karai nyuma ya jiko lake huambiwa kwa namba jambo ambalo hakuna aliyelipima. Basi kitendo kidogo kile kile cha kulainisha data ili kifaa kikubali, katika dhahabu humpa mtu tumaini la uongo, na katika sumu humnyima hofu ya kweli. Takwimu zinazo njia halali za kushughulikia vipimo vya namna hii, na vifurushi vyake vipo. Njia hizo huchukua siku mbili za kusoma badala ya dakika moja ya kufuta, na hapo ndipo dhamiri hupimwa: kati ya dakika moja na siku mbili.

Kuna hali iliyo mbaya kuliko kifaa kukataa, nayo ni kifaa kukubali kisichopaswa kukubalika. Kwa miaka mingi R ilikuwa na desturi ya kugeuza safu ya maneno kuwa makundi, na kila kundi likapewa namba ya siri ya kupangia: 1, 2, 3 na kuendelea. Mtumiaji aliyeona safu yake imekataliwa, akaiamuru iwe namba bila kwanza kuirudisha katika maneno, hakupewa onyo lolote. Alipewa zile namba za kupangia. Mwamba wa gramu 12.4 ukaweza kuwa 2, na katika mpangilio fulani wa herufi mwamba usio na dhahabu ya kupimika ukaweza kuwa 3. Ramani ilichorwa, rangi zikapendeza, jedwali likajaa. Desturi hiyo iliondolewa katika toleo la 4.0.0 la Aprili 2020, na tangu hapo maneno husomwa kama maneno. Aliyalazimishaye kuwa namba huona mahali pa alama pakibaki patupu, pamoja na onyo. Watu wengi walinung'unika siku hizo kwamba kazi zao za zamani hazifanyi kazi tena. Huenda wachache walijiuliza kama kazi hizo zilikuwa zimefanya kazi kweli hapo awali.

Dunia imekwisha kuona matunda ya ukimya wa vyombo. Katika majuma ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa virusi vya korona hawakuingia katika hesabu kwa wakati, kwa sababu majina yao yalipitishwa katika lahajedwali la mtindo wa zamani lenye nafasi ya mistari 65,536 tu. Mistari ilipojaa, iliyozidi iliachwa nje bila kelele, na watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao hawakuarifiwa upesi. Na katika habari za dhahabu hakuna mfano uliozidi ule wa Busang, katika kisiwa cha Borneo, Indonesia. Kampuni ya Bre-X ya Kanada ilitangaza hazina iliyofikia wakia milioni 70 na zaidi, hata mwaka 1997 ikadhihirika kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Namba za sampuli zile zilikuwa namba halisi, zenye desimali zake, zisizo na alama ya kumkwaza mtu. Hesabu zilikwenda, na dhahabu haikuwapo. Chombo kinachokubali si shahidi wa kweli. Hushuhudia tu kwamba kilicholetwa kilikuwa na umbo lililotakiwa.

Yafaa kuulinganisha ukweli huu na mzani, kwa kuwa mzani waeleweka na kila mtu katika nchi ya dhahabu. Mwaka 2019 soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, ili mchimbaji auze mahali panapojulikana, mbele ya mzani unaoonekana. Mzani waweza kuharibika kwa namna mbili. Waweza kufa, kioo chake kikawa cheusi. Au waweza kuchezewa, ukasoma pungufu huku taa zake zikiwaka. Mzani uliokufa humrudisha mchimbaji nyumbani akiwa na hasira na dhahabu yake mfukoni. Mzani uliochezewa humrudisha akiwa na furaha, na sehemu ya dhahabu yake imebaki. Kila mwenye akili angechagua wa kwanza. Lakini mtu yule yule, akiwa mbele ya kompyuta usiku, kazi ikihitajiwa asubuhi, humlaani yule aliyekufa na kumwomba Mungu ampe aliyechezewa.

Huenda mtu akapinga na kusema kwamba uaminifu ni sifa ya mwenye nia, na kompyuta haina nia. Basi kusema chombo ni kiaminifu ni kucheza na maneno. Pingamizi hili ni la haki, na likifuatwa hadi mwisho wake lafika mahali pa thamani. Ni kweli, chombo hakina nia. Lakini ujumbe wa kosa haukujiandika. Kila mahali kifaa kinapokataa data isiyofaa, ni kwa sababu siku moja mtu fulani, huenda katika nchi ambayo mtumiaji hataiona, alikaa akafikiri: atakuja mtu nisiyemjua, ataleta maneno mahali pa namba, nami sitakuwapo kumwonya, basi na niliache onyo hapa. Kukataa kwa kifaa ni sauti ya mtu huyo. Anayeuzima ujumbe bila kuusoma amempuuza mtu aliyejitaabisha kwa ajili yake. Na anayeudanganya kwa data iliyolainishwa amemdanganya mtu, wala si mashine.

Uhusiano huu wa watu wasiojuana una pande mbili. Kwa miaka mingi, waliofanya kazi za ramani katika R waliegemea vifurushi vitatu, rgdal, rgeos na maptools, vilivyotunzwa na Roger Bivand wa Norway. Mtunzaji huyo alipofikia umri wa kustaafu hakuviacha vife kimya. Tangazo lilitolewa mapema, warithi wa vifurushi hivyo wakatajwa, na muda wa kuhama ukapewa. Kisha Oktoba 2023 vikaondolewa katika hazina ya R. Anayefungua leo kitini cha mafunzo cha mwaka 2015 na kufuata maagizo yake kwenye kompyuta mpya ataambiwa kwamba kifurushi hicho hakipo. Atakasirika, na hasira yake itaeleweka. Lakini akichunguza ataona kwamba hakuna aliyemdhulumu. Mzee mmoja alibeba mzigo wa wengi kwa miaka, akautua kwa adabu, akaonyesha nani ataubeba baada yake. Deni lililobaki ni la wanaotumia: kusoma matangazo, kusasisha vitini vyao, na wakikuta kasoro kuieleza kwa upole na kwa mfano mfupi unaoweza kurudiwa, badala ya kumtukana mtu anayetoa kazi yake bure.

Lakini haki hudai kusemwa na upande wa mnyonge. Ni rahisi kumhubiria subira mtu mwenye umeme wa kudumu na mtandao wa kasi. Mtafiti kijana katika kata ya mbali hununua vifurushi vya intaneti kwa fedha yake. Kupakua programu upya ni gharama ya chakula. Kompyuta yake ni ya kurithi. Kitini chake ni cha zamani. Lugha ya ujumbe wa kosa si lugha aliyolelewa nayo, hata neno la kumwonya likamfikia kama kelele. Je, mtu huyu akifuta mistari 6 usiku wa manane, hukumu yote ni yake? La hasha. Sehemu ya hukumu ni ya yule aliyemtaka alete matokeo asubuhi bila kuuliza yalipatikanaje. Bwana anayelipia namba na kuchukizwa na sababu huwafundisha watumishi wake kulainisha. Mwalimu anayemwaibisha mwanafunzi kwa kusema "imekataa" atapata wanafunzi ambao kwao hakuna kinachokataa kamwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yafaa kuongeza kwamba mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu amewahi kuona aliyesema ukweli akichekwa.

Basi wajibu umegawanyika. Wa mtumiaji ni kusoma, kujaribu kwa utaratibu, na asipoweza, kusema kwamba hakuweza. Kuuliza si ujinga, na hakuna aibu katika kuandika ndani ya ripoti: sampuli 6 kati ya 10 zilikuwa chini ya kiwango cha kupimika, na kifaa kilichokusudiwa hakikukubali, kwa hiyo imetumika njia hii nyingine, yenye udhaifu huu. Sentensi kama hiyo ina thamani kuliko ramani ya rangi saba. Wa mwenye amri ni kuipokea sentensi hiyo bila hasira na kuilipia muda wake. Wa wenye elimu ya lugha ni kuufikisha ujuzi huu kwa Kiswahili chepesi, ili onyo lililoandikwa Auckland au Bergen lisomeke Msalala. Na wa jamii nzima ni kujua kwamba namba, kama dhahabu yenyewe, haina thamani mpaka ijulikane ilikotoka na mikono iliyopita.

Msomaji asidhani kwamba hapa kukataa kwa kila chombo kunasifiwa. Kipo kifaa kinachokataa kwa sababu kimeandikwa vibaya, na kipo kinachokataa kwa uzee. Hivyo havistahili heshima, ila kutengenezwa au kuachwa. Lakini havitambulikani kwa kutazamwa usoni. Kifaa kibovu na kifaa kiaminifu hutoa kelele moja, nacho kinachovitofautisha ni uchunguzi tu. Anayeharakisha kupita kelele hiyo atamshinda mbovu na mwaminifu kwa pigo moja, asijue ni yupi aliyemwangusha.

Mchimbaji mzoefu akishuka shimoni husikiliza mwamba. Mwamba unapolia humkera, kwa sababu humlazimu kusimama, kupandisha watu na kuweka magogo, na siku hupotea. Hata hivyo hakuna mchimbaji mwenye busara aliyeomba mwamba unyamaze ili kazi iendelee. Ajuaye shimo huogopa zaidi mwamba usiosema.